Kona Saba: Sahihi ya Mia na Saba

Wiki iliyopita tulimwacha Immaculate Nekoye amelala chali juu ya lami na tingatinga linamjia. Tangu siku hiyo simu za gazeti hazijapumzika, kila mtu anauliza kama mama huyo amekufa. Hajafa. Lakini kabla hujamaliza kusoma leo, utajiuliza kama hilo ni jambo la kumpongeza.

Chuma cha tingatinga kilisimama hatua mbili kutoka kwenye buti zake. Injini ikazimwa. Dereva, mwanamume wa makamo aitwaye Kipkirui, alishuka akaketi juu ya jiwe, kofia mkononi, na kati ya hao wawili yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka.

"Mathe, unataka niue mtu ndio niende jela?" aliuliza.

Nekoye alimjibu kwamba anayetaka kuing'oa lami ile aanze na yeye. Aliyasema hayo bila kupaza sauti, na Kipkirui akaogopa zaidi.

Kwa wewe unayejiunga nasi leo, kaa hapa karibu. Nekoye ni fundi wa magari, mjane, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Bungoma, na gereji yake iko Bondeni, mjini Nakuru. Lami aliyoilalia ni ya Kona Saba, uwanja wa mbio za magari ulio kando ya barabara ya Subukia, ambao haujasikia gari la mbio kwa miaka thelathini. Ng'ombe wamelishwa hapo na mahindi yamepandwa katikati. Nekoye na wenzake wameufyeka na kuziba mashimo kwa mikono yao. Kesho, Jumamosi, magari kumi yalikuwa yashindane hapo. Kilichokosekana ni kibali cha kaunti tu.

Usidhani anatafuta burudani. Mwezi wa tatu, binti yake wa pekee, Sue, alishindana na rafiki yake Khisa kwenye barabara kuu, alfajiri, kama wafanyavyo vijana wetu wasio na mahali pa kukimbilia. Khisa hakurudi. Sue alirudi na hakutamka neno kwa siku tatu. Siku ya nne mama yake akamwekea sharti: asishindane tena barabarani, naye mama atamfungulia Kona Saba akimbie huko mpaka achoke. Sue akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo Nekoye anaamini jambo moja, na analiamini akiwa macho na akiwa usingizini. Uwanja ukifa, Sue atarudi barabarani, na barabara itamuua kama ilivyomuua Khisa.

Kipkirui alitoa barua mfukoni akamnyooshea. Ilisema kwamba lami ya Kona Saba ing'olewe leo na kiwanja kijengwe soko, kwa kuwa wakazi wenyewe wameyakataa magari ya mbio. Wakazi mia mbili na kumi na watatu.

Nekoye aliisoma mara mbili. Katika pitapita zake zote hakuwa amekutana na hata watatu waliokataa.

"Supavaiza anakuja saa kumi," Kipkirui alisema. "Mpaka hiyo saa naweza sema paipu ya oili imepasuka. Ikipita hapo utanisamehe tu. Mimi pia niko na watoto."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nekoye aliinuka, akajipangusa vumbi, akamwita Nderitu.

Nderitu ni rafiki wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa chama chao cha mbio, mtu mnene, mpole, mwenye pikapu ambayo mlango mmoja haufunguki. Alimfikisha mjini kabla ya saa sita.

Ofisi ya mipango Nekoye anaijua kama jiko lake. Hii ilikuwa mara ya kumi na nane kuingia humo. Mara ya kwanza walitaka barua ya chifu, akaileta. Wakataka vyoo uwanjani, akachimba vyoo. Wakasema vyoo lazima vipitishwe na watu wa afya. Watu wa afya wakataka kwanza waone maji. Watu wa maji wakasema hawavuti bomba hadi uwanja uwe na kibali, na kibali, kama unavyokumbuka, kilikuwa kikingojea vyoo. Mtu mwingine angekwenda nyumbani akalala. Nekoye alitafuta tangi, akalijaza kwa maji ya mkokoteni wa punda, akarudi kaunta na picha zake.

Nyuma ya kaunta aliketi Wariara, afisa wa vibali, anayeweza kusema mkubwa yuko kwa mkutano bila kuinua macho kwenye simu yake. Alisema hivyo. Nekoye akamjibu kwamba leo haondoki, na kama ni kufungiwa humo pamoja na mafaili, basi afungiwe. Nderitu alijaza mlango na kutazama sakafu.

Wariara aliiweka simu chini. "Mama, mbona unanisumbua na ni nyinyi wenyewe mlikataa?"

"Nani alikataa?"

Wariara alivuta faili, akaligeuza, akamsukumia. Karatasi kumi na moja zilizobanwa pamoja. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Nekoye alitafuta adui zake kwenye mistari ile. Hakufika mbali. Nambari moja kwenye orodha ya wanaopinga Kona Saba ilikuwa Immaculate Nekoye, wa Bondeni, na sahihi ilikuwa yake.

Aliishika kaunta. Nderitu alisogea akachungulia, akaona jina lake kwenye nambari ya nne.

Mkutano wenyewe waliukumbuka vizuri. Wiki tatu zilizopita, kwenye uwanja wa shule, kaunti iliita wakazi waseme kama wanautaka uwanja au hawautaki. Watu wa Kibii, mwakilishi wa wadi, walileta viti, mikate na soda. Na walileta karatasi.

Msomaji, usimcheke Nekoye. Ni nani kati yetu amewahi kusoma sehemu ya juu ya karatasi ya mahudhurio? Ukiingia mkutano wowote wa serikali, karatasi inakufikia kabla hujapata kiti. Ina nafasi zilezile nne, na kidole chako kinaijua kazi. Unaandika, unasaini, unampa jirani, unangoja soda. Asiyeandika hapati soda. Ndivyo tulivyolelewa. Na juu ya karatasi ile, kwa Kiingereza cha ofisi na herufi za mchwa, palikuwa pameandikwa kwamba sisi tuliosaini hapa chini tunapinga kufufuliwa kwa uwanja wa Kona Saba.

Kilichomuua Nekoye hakikuwa sahihi yake peke yake. Alizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu akiwaita watu kwenye mkutano ule. Na mkutanoni, ili wanaoutaka uwanja waonekane wengi, alipita mstari kwa mstari akiwahimiza waandike majina, mzee asisahau kitambulisho, nyanya akashikiwa kalamu. Sahihi mia mbili na kumi na tatu, na karibu zote alizikusanya yeye.

Alitaka kulia na machozi yakakataa kuja.

Sijui ni nini kilichomgusa Wariara. Labda ni kwa sababu Nekoye hakumtukana, na kila mtu humtukana. Alitazama mlango wa ndani, akainama kwenye kaunta.

"Aliyepinga anaweza kuondoa pingamizi yake, lakini kwa mkono wake mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Zaidi ya nusu wakiondoa, hiyo barua imekufa. Faili inarudi kwa kamati leo leo wawape kibali, na mashine inarudi yadi. Lakini iwe hapa kabla ya saa kumi. Mkubwa akishapiga muhuri wa mwisho, mimi sina lingine."

Akawachapishia fomu na nakala ya orodha. Zaidi ya nusu ya watu mia mbili na kumi na watatu ni watu mia moja na saba. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro robo.

Walirudi barabara ya Subukia Nderitu akikanyaga mafuta kama hajawahi kuwa mpole. Mahali pa kuwapata watu wengi mchana ni penye tangi la maziwa tu, pale wafugaji wanapoleta maziwa ya saa saba. Karani wa pale ni Chepngeno, mwanamke mrefu mwenye daftari, ambaye akisema maziwa yako yana maji, hata mchungaji hakutetei.

Foleni ya mitungi ilikuwa ndefu na Nekoye akamshukuru Mungu. Alipanda juu ya kreti, akainua fomu, akawaeleza yote kwa pumzi moja. Walidanganywa. Ile ya shuleni haikuwa ya mahudhurio. Hii ndiyo ya kuitengua. Kalamu ni hii hapa.

Hakuna mkono ulionyooshwa.

Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Mzee Kimeli, ambaye ng'ombe wake ndio waliolishwa Kona Saba miaka hiyo yote. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Mama Sue," alisema, "ile ya kwanza ni wewe ulituambia tusaini. Leo unasema ile ilikuwa mbaya, tusaini ingine. Na hii ikikuwa mbaya, utatuletea ya tatu?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakamtazama. Nekoye akasema ukweli. Alikiri kwamba hakusoma. Aliona karatasi yenye mistari akasaini, na akawaburuta wote nyuma yake. Akawaambia juu ya Khisa, ambaye wengi walikuwa wamesikia habari zake, na juu ya Sue, ambaye habari zake hawakuzijua. Akawaambia kwamba hana mtoto mwingine.

Chepngeno alifunga daftari lake.

"Mtoto wako tunamhurumia," alisema. "Lakini huruma haituambii kwenye hiyo karatasi kumeandikwa nini. Soma yote, kutoka juu mpaka chini, kila mtu asikie. Ukimaliza isomwe kwa Kikuyu. Ikimalizika hiyo nitaisoma kwa Kikalenjin. Hapo ndio atakayetaka atasaini."

Fomu ilikuwa na kurasa mbili za maneno kabla ya mistari ya sahihi, na saa ilikuwa saa saba na nusu. Nekoye alitamani kupiga mayowe. Akaanza kusoma.

Alisoma kila neno, hata nambari ya fomu, hata anwani ya sanduku la posta. Wazee walimsimamisha mara sita kuuliza maswali. Nderitu akashika zamu ya Kikuyu, na kwa kuwa hakuwahi kusoma kitu cha serikali kwa Kikuyu tangu azaliwe, alikwama kwenye neno pingamizi, na wanawake watatu wakabishana kwa dakika nne jinsi ya kulisema. Dakika nne, msomaji. Nekoye alizihesabu kwenye simu yake.

Chepngeno alikuwa katikati ya Kikalenjin chake gari jeupe lilipoingia likipiga honi. Alikuwa ni Mheshimiwa Kibii mwenyewe, na nyuma ya gari kulikuwa na kreti za soda na mikate.

Kibii ni mtu wa kucheka. Alisalimia kila mtu kwa jina, akauliza hali ya ng'ombe na hali ya shule. Kisha akasema, bado akicheka, kwamba amesikia kuna watu wanadanganywa watengue sahihi zao. Akawakumbusha kwamba kuiambia serikali jambo moja leo na lingine kesho ni kosa, na kosa hupelekwa mahakamani. Mama mmoja aliyekuwa ameshaishika kalamu akairudisha polepole juu ya kreti, akajifuta vidole kwa leso.

Nekoye aliona foleni ikirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Akamwona Nderitu akitazama chini. Alijua kwamba amekwisha.

Dereva wa Kibii alianza kuteremsha soda. Juu ya kreti ya kwanza palikuwa na karatasi mpya, safi, yenye mistari.

"Hiyo ni ya nini?" Mzee Kimeli aliuliza.

Kibii alisema ni ya mahudhurio tu, kama kawaida.

"Basi karibu, mheshimiwa," Chepngeno alisema, akaitwaa, akamwekea mkononi. "Sisi leo tunasoma kwanza. Soma hapo juu."

Kibii alicheka. Hakuna aliyecheka naye. Aliitazama karatasi, akakohoa, akaanza kutafsiri kwamba sisi wakazi tuliosaini hapa chini, halafu akanyamaza. Macho yake yalishuka mistari miwili mbele na kurudi. Akasema miwani yake imebaki garini. Mzee Kimeli alivua miwani yake mwenyewe, akaipangusa kwa koti, akamnyooshea.

Mheshimiwa hakuipokea. Alisimama, karatasi mkononi, na wale watu aliowanywesha soda miaka minne walimtazama kama wanaomwona mara ya kwanza. Kisha akakumbuka ana mkutano mjini. Soda zilirudishwa garini kreti kwa kreti, na ingawa jua lilikuwa kali, hakuna aliyezinyooshea mkono.

Chepngeno alimaliza ukurasa wa pili wa Kikalenjin. Akasaini yeye kwanza. Nyuma yake foleni ikajipanga bila kuambiwa, mitungi ikasukumwa kando, na watu wakaanza kupigiana simu waje na vitambulisho. Walikuja kwa boda, walikuja na gambuti za shambani, mwingine na mtoto mgongoni. Kila aliyefika alitaka asomewe, na kila mara palikuwa na mtu wa kumsomea. Mzee Kimeli alimwambia Nekoye kwamba ng'ombe wake hawatapenda zile kelele, na kwamba hilo watalizungumza siku nyingine. Kisha akasaini, taratibu, herufi kwa herufi.

Saa tisa na dakika tano hapakuwa na mtu mwingine wa kuja. Wengi waliobaki kwenye orodha walikuwa wamekwenda Kuresoi kuvuna viazi, na wengine simu zao zilikuwa zimezimwa. Nderitu alihesabu. Akahesabu tena, akitumia kidole. Akamtazama Nekoye na uso wake ukawa kama wa mtu anayeleta habari za msiba.

Mia moja na sita, ikiwemo sahihi ya Nekoye na yake mwenyewe.

Chepngeno ndiye aliyeichukua ile nakala ya orodha akaanza upya kutoka juu, akiweka alama, jina kwa jina.

"Huyu nambari mbili hajasaini," alisema. "Sue Makhanu. Huyu si ni mtoto wako?"

Nekoye aliketi chini kwenye kreti, akafunika uso, na wakati huo ndipo machozi yalipokuja. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Sue. Alikuwa ameketi karibu naye mkutanoni na akasaini baada yake. Muda huu Sue alikuwa gerejini Bondeni akiliandaa gari la kesho, na gereji iko njiani kuelekea ofisini. Kwa watu wote wa dunia, mtu wa mwisho aliyehitajika alikuwa mtoto wake mwenyewe. Aliwakumbatia watu ambao hakuwajua majina, akapanda pikapu kupitia upande wa dereva, wakaondoka.

Alimpigia Sue simu mara tano njiani. Haikupokelewa. Hilo halikumsumbua, akijua binti yake akiwa chini ya gari hasikii kitu.

Waliingia Bondeni saa tisa na dakika thelathini na tano. Nderitu hakuzima injini. Nekoye aliruka, akapita katikati ya magurudumu na mitungi ya gesi, akaingia gerejini akiita jina la binti yake.

Sue hakuwa chini ya gari. Alikuwa ndani yake, kwenye kiti cha dereva, milango imefungwa. Usukani ulikuwa mbele yake na mikono ameipakata mapajani. Gari halikuwa limeguswa tangu asubuhi. Boneti ilikuwa wazi vilevile alivyoiacha mama yake.

Nekoye hakuyaona hayo, au aliyaona na hakuwa na nafasi ya kuyaweka. Alimpitishia fomu na kalamu dirishani, akimweleza juu ya tingatinga, orodha, Kibii, miwani, watu mia moja na sita. Asaini hapa, mstari wa mwisho, waende.

Sue aliishika fomu akaisoma. Aliisoma kutoka juu.

"Sue, hiyo imesomwa mara tatu leo. Saini."

"Siwezi, Mum."

"Hatuna wakati wa mchezo. Ile ya kwanza walitudanganya."

"Mimi hawakunidanganya." Sue alikuwa bado anaitazama karatasi. "Ile siku nilisoma juu. Ilisema tunakataa. Nikasaini."

Nje Nderitu alipiga honi. Nekoye aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili. Aliuliza kwa nini, lakini sauti haikutoka vizuri, akauliza tena.

Sue aliinua mikono yake kutoka mapajani akaiweka juu ya usukani. Ilianza kutetemeka mara moja, kuanzia vidole hadi kwenye viwiko, mpaka funguo zikawa zinalia. Akairudisha mapajani.

"Tangu Khisa ni hivi," alisema. "Kila asubuhi nakaa hapa najaribu. Unarudi jioni unaniambia vile nitakuwa wa kwanza kutoka, vile watu watashangilia, na umechoka, umetoka kwa hizo ofisi zao. Ningekuambia aje? Nikaona afadhali wakatae wao."

"Basi usiendeshe. Hakuna mtu atakulazimisha. Saini tu, Sue, wengine wakimbie."

"Hiyo ndio shida, Mum. Wengine." Sasa alimtazama. "Khisa alikuwa anajua gari kunishinda, na mimi ndio nilimwambia twende. Kesho ni watu kumi. Sitaki jina langu likuwe kwa karatasi inaambia mtu mwingine aende."

"Na wewe ukirudi barabarani? Mimi nitafanya nini?"

"Barabarani sirudi. Sijawahi kutaka kurudi." Sue alisema hivyo kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Hukuniuliza, Mum. Ulisema, nikaitikia. Hukuwahi kuniuliza."

Nekoye aliyasikia maneno hayo vizuri. Aliyaelewa pia. Miezi yote hii alikuwa amepigana na chifu, watu wa afya, watu wa maji, na leo tingatinga, kwa ajili ya jambo ambalo angelijua kwa swali moja mezani. Aibu ilimpanda usoni. Lakini hofu iliyokaa ndani ya mtu miezi mizima haitoki kwa sababu imeelezwa vizuri. Alimtazama Sue na kile alichokiona hakikuwa mikono inayotetemeka. Alimwona akipona. Alimwona mwezi ujao, au mwaka ujao, mikono imetulia, marafiki wakimwita alfajiri, na Kona Saba likiwa soko la nyanya.

Na aliwaona wale mia moja na sita waliosimama juani wakisomewa.

Alinyoosha mkono dirishani akaichukua fomu. Sue alimpa na kalamu pia, bila kubisha, akadhani yamekwisha. Alimwambia mama yake pole.

Nekoye alitoka nje kwenye mwanga. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Aliingia pikapu, akaiweka fomu juu ya magoti, mstari wa mwisho ukamtazama ukiwa mtupu. Jina la Sue anajua kuliandika. Sahihi yake pia anaijua, ule mkia mrefu unaopita chini ya jina, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kuiandika, jioni nzima, kabla hajaenda kuchukua kitambulisho.

Nderitu aliingiza gia. "Amesaini?"

Nekoye alitazama nyuma mara moja. Sue alikuwa ametoka garini, amesimama mlangoni mwa gereji, na alikuwa anaiona kalamu mkononi mwa mama yake.

"Amesaini," Nekoye alisema. "Twende."